Kulinda viota vya samaki kando ya Ziwa Kivu: mwongozo kwa wakaaji wa Goma

Simama alfajiri kwenye kipande cha mchanga katikati ya mawe ya volkeno hapa Goma, kabla bidoni (madumu) za kwanza hazijatibua maji. Ukitazama chini utaona miviringo. Mingine ina upana wa sahani, mingine wa beseni la kufulia. Ndani ya kila mviringo mchanga umefagiliwa ukawa mweupe, na juu yake ametulia samaki mmoja aliyekolea rangi, haondoki. Akisogea mwenzake anamfukuza, kisha anarudi palepale. Hivyo ni viota vya tilapia. Kila siku mamia ya watu wanaingia humo kuteka maji bila kujua kwamba wanakanyaga chumba cha uzazi.

Ukitaja ulinzi wa viota ufukweni, watu wanafikiria kasa. Nchi yetu ya Kongo inao kasa, tena wakubwa: kule Muanda, kwenye kipande chetu kifupi cha bahari ya Atlantiki, wanapanda usiku kutaga mchangani. Lakini Muanda iko upande wa pili wa nchi, na sisi huku tuna ukingo wetu unaozaa. Kutoka kwa walinzi wa kasa nimechukua mambo matatu tu: kuacha kiota mahali kilipo kama hakiko hatarini, kupatana na mvuvi badala ya kumfukuza, na kuandika kila kinachoonekana. Mengine yote yaliyo humu tumejifunza hapa hapa, kwa miguu yetu ndani ya maji.

Kwanza uelewe kwa nini ukingo, maana utaulizwa sana. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali palipo kirefu zaidi, lakini samaki wake wote wako juu. Ukishuka zaidi ya mita 60 hivi hakuna oksijeni. Kuna maji mazito yenye chumvi na gesi, kaboni dayoksaidi na methani, yaliyolala huko bila kuchanganyika na maji ya juu. Samaki hawezi kuishi humo. Sasa fikiria yai la sambaza, samaki mdogo kama dagaa. Sambaza si mwenyeji wa Kivu; aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akastawi mpaka akawa kitoweo cha kila nyumba. Yai lake halielei, linazama. Likitagwa juu ya kilindi, linashuka hadi kwenye maji yasiyo na hewa na kufia huko. Likitagwa karibu na nchi kavu, linatua kwenye mchanga au jiwe, linapata hewa, linaanguliwa, na kifaranga anakaa kwenye maji mafupi mpaka apate nguvu ya kwenda katikati ya ziwa. Tilapia naye hachimbi kiota kilindini. Na kwetu Goma mchanga ni wa kuhesabu: lava ya mwaka 2002 iliingia mpaka ziwani, na ya kale zaidi imeshuka majini kama ukuta. Kipande cha mchanga kikiharibika, samaki hana kingine jirani cha kuhamia. Ndiyo maana nasema ukilinda hatua 60 za mchanga umelinda jambo kubwa.

Hatua ya kwanza: tazama wiki mbili bila kugusa kitu

Usianze na mkutano wala na miti. Anza na macho. Unahitaji daftari, kalamu ya risasi (wino unayeyuka), fimbo yenye alama za kupimia kina, na dirisha la majini. Dirisha hilo unalitengeneza mwenyewe. Chukua bidoni ya lita tano, kata kitako chake, funika upande huo kwa plastiki inayopitisha mwanga, uikaze kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kata na upande wa juu upate nafasi ya kuchungulia. Ukikandamiza ile plastiki kwenye uso wa maji, mawimbi madogo yanapotea na unaona chini kama kupitia kioo. Mara ya kwanza nilipotumia kifaa hiki nilikaa nacho saa nzima, maji yakinifika kiunoni, nimesahau baridi.

Nenda kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Jua liwe mgongoni mwako, na ukae mbali kidogo kivuli chako kisiangukie viota. Utamwona dume akichimba kwa mdomo: anaingiza kichwa mchangani, anajaza kinywa, anaogelea hadi ukingo wa mviringo, anatema. Anarudi. Hivyo mara nyingi sana. Jike akija wanazungukana juu ya shimo, anataga mayai machache ya rangi ya manjano, na baada ya muda mfupi sana anayaokota yote kwa mdomo.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanachungulia shimo, hawaoni yai, wanasema pako tupu, wacha tupite. Usitafute mayai kwenye shimo. Yako mdomoni mwa mama yao, ambaye amejitenga kando ya matete au penye mawe. Mayai huanguliwa humo mdomoni, na yeye hatoi watoto nje kwa kiasi cha siku kumi hadi wiki mbili, na muda huo wote hali kitu. Hata baada ya kuwaachia, wakistushwa wanakimbilia kinywani tena, kama vifaranga chini ya bawa la kuku. Basi unacholinda ni vitu viwili: viwanja vya madume, na maficho ya majike. Ukiweka alama kwenye mchanga peke yake na kuacha matete yakatwe, umelinda mlango ukaacha nyumba.

Kuna pia tilapia wa aina nyingine, mgeni katika ziwa hili, ambaye haweki mayai mdomoni. Huyo anayaacha chini, na baba na mama wanayalinda pamoja. Ukiona samaki wawili wamekaza macho juu ya sehemu moja na hawakuogopi hata ukikaribia, rudi nyuma. Ukiwafukuza kwa dakika chache tu, samaki wadogo wanaozunguka hapo watamaliza mayai.

Andika kila siku: tarehe, saa, hali ya maji, idadi ya viota vyenye dume, kina, na nani alikuwa anatumia ukingo na kwa kazi gani. Hilo la mwisho ndilo litakalokusaidia kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya pili: chagua kipande kidogo

Mwaka wetu wa kwanza tulitaka ghuba nzima. Tulipanda miti ya alama kutoka upande hadi upande, tukapiga picha, tukarudi nyumbani tumefurahi. Wiki haikuisha, ile miti ilikuwa imepikia maharage. Haikuwa ukatili. Tulikuwa tumefunga njia ya maji ya kartie (mitaa) mbili bila kuuliza mtu.

Sasa tunashauri hatua 60, si zaidi ya 100, zihesabiwe kandokando ya maji, na kuingia ziwani mpaka maji yafike kifuani kwa mtu mzima. Chagua mahali penye viota vingi zaidi kwenye daftari lako, penye matete au mawe ya maficho upande mmoja, na ambapo watu wanaweza kuteka maji jirani bila kuzunguka sana. Kama sharti hilo la mwisho halitimii, chagua kwingine hata kama viota ni vichache. Goma ni mji wenye shida ya maji. Mama mwenye bidoni nne na chukudu (kigari cha mbao cha mizigo) ya kukodi hatazunguka nusu kilomita kwa ajili ya samaki, na si haki kumwambia azunguke.

Hatua ya tatu: zungumza, na wenye ukingo kwanza

Wenye ukingo si wale wenye hati. Ni akina mama wanaofua, vijana wanaoosha pikipiki, wateka maji, watoto wanaoogelea, wavuvi wa ndoano, na wale wanaokokota nyavu. Nenda kwa kila kundi kwa saa yao, mahali pao. Usiwaite kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, maana atakuja asiyehusika.

Akina mama wanafua asubuhi ya Jumamosi na siku nyingine jua likiwaka. Tulikwenda watatu, wawili wakiwa wasichana wa kartie hiyo hiyo. Tulisalimia, tukakaa juu ya mawe, tukasaidia kukamua mashuka. Mazungumzo yalikuwa hivi, kwa ufupi:

“Mama, jambo. Tunaomba ruhusa tuseme neno moja juu ya hii fasi.”

“Semeni, watoto wangu. Lakini msiseme tutoke. Hapa tunafulaka tangu zamani.”

“Hapana, Mama. Hatuwatoi. Tunaomba beseni zipande kule juu, hatua 20 kutoka majini, na maji ya sabuni yamwagwe kwenye mawe.”

“Na nani atanipandishia maji mpaka kule?”

Swali hilo ni halali, na lazima uwe na jibu kabla hujaenda. Jibu letu lilikuwa kutengeneza ngazi ya mawe na kuzungusha zamu ya vijana wa kupandisha bidoni kila Jumamosi. Mama huyo alikaa kimya kidogo, kisha akatuuliza samaki ni wa aina gani. Tulimpa lile dirisha la bidoni. Aliingia majini na kitenge chake, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka aliita jirani yake kwa sauti: “Mama Furaha, kuya uone, iko inafagia!” Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyewakataza watoto kurusha mawe.

Kwa wavuvi, tafuta muzee wao, si kijana mwenye sauti kubwa. Wavuvi wa sambaza wanaotoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ni marafiki wa kazi hii, ukiwaeleza vizuri. Wao wanategemea sambaza wakubwa wa katikati ya ziwa, na wanajua kabisa kwamba anayekokota chandarua ukingoni anakula mbegu yao. Waombe mambo mawili: wasiwashe taa zao karibu na ukingo, maana sambaza wadogo wanafuata mwanga, na wakiona wavu unaokokotwa wakati wakirudi, wapige simu. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza huwa unafungwa kwa miezi miwili hivi ili samaki wapate nafasi. Wavuvi wetu wengi wameona matokeo yake kwa macho, na mfano huo unasaidia kuliko hotuba.

Yule anayekokota chandarua ndiye mgumu. Mara nyingi ni mtu asiye na mtumbwi, asiye na wavu halali, mwenye watoto nyumbani. Mweleze mambo anayoweza kuyathibitisha. Mfungulie kiganja cha samaki aliowavua, muwahesabu pamoja: vifaranga hao wote hawajazi kikombe, na sokoni hawampi hata bei ya unga. Mweleze kwamba vyandarua vya kuzuia mbu vina dawa inayoua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki na kwa vijidudu vya majini wanavyokula. Mwaliko wa zamu yenye malipo kidogo, kama kikundi chenu kina mfuko, unafanya kazi kuliko vitisho. Mwenzetu mmoja katika doria leo alikuwa mkokotaji. Anajua kila saa na kila njia yao.

Baada ya mazungumzo yote, andikeni makubaliano kwenye karatasi moja: mipaka, nini kinaruhusiwa, nini hapana, nani wa kupigiwa simu. Nakala moja ibaki kwa shefu wa avenyu, moja kwa komite ya wavuvi, moja kwenye huduma ya uvuvi. Sheria ipo: ile namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira asilia, pamoja na kanuni za uvuvi. Iweke kwenye mfuko wako. Ukianza na sheria mdomoni, mazungumzo yanaishia hapo, na watu wanaanza kuuliza umetumwa na nani.

Hatua ya nne: alama na miti ya kuzuia nyavu

Fanya kazi hii kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Kwenye daftari letu viota vinaongezeka mvua zinaporudi, kwa hiyo ni vema mchanga uwe umetulia kabla ya Septemba.

Alama za juu ni rahisi: vipande vya bidoni za manjano vilivyofungwa kwenye kamba, vinaelea kwenye pembe nne. Kila mtu wa Goma anaitambua rangi hiyo kwa mbali.

Lakini alama haizuii wavu. Kinachozuia ni miti. Tafuta miti ya mikaratusi yenye unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita mbili na nusu au zaidi. Ichonge ncha, igongelee chini kwenye mstari wa nje wa eneo, zaidi ya pale viota vinapoishia, ukiacha pima moja hadi mbili kati ya mti na mti. Usiipange kwa mstari ulionyooka. Izungushe, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wavu wa kukokota ukipita humo unanasa na kuchanika, na mwenye wavu hatarudi mara ya pili. Samaki wanapita bila shida, na vifaranga wanapenda kukaa kati ya miti.

Mambo matatu ya usalama. Kila mti utokeze juu ya maji angalau nusu mita, kwa maana mti uliozama utatoboa mtumbwi wa mtu usiku. Kata ncha ya juu iwe butu, watoto wanaruka. Na acha mlango wa mitumbwi, wenye upana wa mitumbwi miwili, uwekewe bidoni nzima kila upande. Mti usigongelewe kamwe katikati ya viota, hata kama unaona nafasi.

Matete yaliyopo yaachwe. Yakiwa yamekatwa, chimba vipande vya mizizi penye matete mengi, upande kwenye tope lenye maji ya kufika kifundo cha mguu mwanzoni mwa mvua. Yanaota yenyewe.

Hatua ya tano: kinachoingia majini

Sabuni tumeshaisema. Pikipiki zioshwe mbali kabisa, kwa kuwa mafuta yanatanda juu na vifaranga wanaishi juu. Utupa na majani mengine ya kulewesha samaki hayana mjadala: yanaua kila kitu kwenye eneo hilo, yai, kifaranga na mzazi, kwa siku moja.

Klorini inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ni kitu chema. Wale vijana wenye bomba la sindano wanaotia klorini kwenye bidoni za watu wanatuokoa na kipindupindu. Msiwaguse, msiwahamishe. Waombeni jambo moja tu: dawa itiwe bidoni ikiwa nchi kavu, na ndoo zao za klorini zisisuuziwe ziwani. Klorini kidogo sana inatosha kuua vifaranga. Tulipowaeleza walikubali papo hapo. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Taka zinashughulikiwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Msisubiri chupa zifike majini, zibeni mifereji inayoshuka kutoka barabarani kwa wavu mkuukuu, muusafishe kila baada ya mvua kubwa.

Hatua ya sita: doria, na habari ya mazuku

Wakokotaji wanakuja alfajiri au baada ya giza. Kama kuna amri ya kutotembea usiku, au hali ya mji si nzuri, msiende. Hakuna kiota chenye thamani ya mtu. Doria ya saa kumi na moja na nusu asubuhi inakamata mengi.

Muwe watatu au zaidi, mmoja akiwa mtu mzima anayejulikana na watu wa hapo. Msibebe fimbo wala panga. Msipige picha za nyuso. Mkiona wavu, salimieni kwanza, semeni mmetumwa na makubaliano ya kartie, waombeni wavu utolewe na samaki warudishwe majini. Wakikataa, ondokeni na mpige simu kwa wale walioandikwa kwenye karatasi. Anayekwenda kwa mtumbwi avae jaketi la kuokolea, hata kama amezaliwa ziwani. Mchana wa kiangazi upepo wa Kivu unageuka haraka.

Sasa mazuku, na hapa naomba usome polepole. Magharibi ya mji, kuelekea Mugunga, Bulengo na njia ya Sake, mpaka kandokando ya ziwa, kuna mahali ambapo kaboni dayoksaidi inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaza mabonde na mashimo kama maji yanavyojaza beseni, na huioni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inapanda. Jua na upepo vinaitawanya mchana, ndiyo maana mahali ulipopita jana saa sita salama panaweza kuua leo saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo: usikae wala usilale kwenye bonde, pango la lava au shimo wakati wa doria, hata kama ndipo pasipo na baridi. Kaeni juu ya jiwe lililoinuka, mkiwa wima. Msichukue watoto wala mbwa. Aliye karibu na ardhi ndiye anayeanguka kwanza. Ukiona ndege, mijusi au wadudu wengi wamekufa mahali pamoja, ondoka na uwaulize wenyeji wa hapo, kwa kawaida wanapajua. Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate kwa kuruka. Hapo ndipo wanapokufa wawili. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, ita watu, umpeleke penye hewa. Sisi tuna kamba ya mita kumi kwenye kila doria, na mwenye kamba hatelemki popote.

Hatua ya saba: jike aliyenaswa

Wavuvi wa ndoano na wa nyavu za kutega watamkamata jike mwenye mayai, hata nje ya eneo. Wafundishe kumtambua: koo limevimba kama aliyemeza limao, na midomo inachezacheza kama anatafuna. Lowesha mikono kwanza. Usimtoe nje ya maji, usimminye, mnasue akiwa ndani ya maji na umwachie upande wa matete. Akishtuka atatema mayai au watoto. Kama ni watoto wanaoogelea, simama kimya uondoe mikono. Mara nyingi anarudi kuwakusanya. Kama ni mayai, msiyaokote kwa vidole, sogeeni tu mpate kumpa nafasi.

Hatudai mvuvi aache kula samaki. Tunaomba huyo mmoja arudi majini. Muzee mmoja aliweka mambo sawa mbele ya wenzake: alisema akiuza huyo leo anapata pesa ya sigara, akimwachia amewaachia watoto wake kazi.

Hatua ya nane: daftari baada ya doria

Hesabuni mara mbili kwa wiki, siku zile zile, saa zile zile, na mtu yule yule kama inawezekana. Mstari mmoja unatosha: tarehe, saa, maji safi au yametibuka, viota vyenye dume, viota vitupu, majike yaliyoonekana kando ya matete, miti iliyopotea, jambo lolote la ajabu. Fisi maji akipita, mwandikeni; ni mwenyeji wa ziwa hili kama samaki wenyewe, na hakuna haja ya kumfukuza. Mkihesabu kidogo, andikeni kidogo. Kikundi kinachoongeza namba ili kumfurahisha mgeni kimejifunga macho chenyewe.

Kila mwisho wa mwezi someni namba hizo kwa sauti pale pale ukingoni, Jumamosi, akina mama wakiwa wanafua. Watauliza maswali mazuri kuliko yenu.

Na siku moja mtafika mkute vyote vimelimwa. Ilitupata sisi: wavu ulipita usiku kupitia mlango wa mitumbwi, na asubuhi mchanga ulikuwa bapa kama sakafu, hakuna mviringo hata mmoja, vifaranga wamekauka juu ya mawe. Msichana wetu mdogo kuliko wote alilia. Tulitaka kuingia kuchimba viota upya kwa mikono. Msifanye hivyo, mtatibua tope na kuwatisha waliobaki. Kagueni miti, punguzeni mlango uwe wa mtumbwi mmoja, toeni vipande vya wavu vilivyonasa chini, kisha tokeni majini na mngoje. Siku ya pili hatukuona kitu. Siku ya tatu, saa moja kasoro asubuhi, karibu na mti wa nne kutoka kwenye matete, dume mmoja alikuwa ameingiza kichwa mchangani. Alijaza kinywa, akaogelea shubiri mbili, akatema, akarudi. Tuliandika: kiota kimoja, kinachimbwa.